Mbona wengine hugoma kila mwaka na wengine hawagomi? Maswali kuhusu migomo na taasisi za kazi, kutoka Arusha na Moshi

Maswali haya huulizwa na viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi katika mashamba ya maua ya Usa River na Tengeru, na wafanyakazi wa hoteli za mjini Arusha, na watu wa mashamba ya miwa na kahawa upande wa Moshi, pamoja na maafisa utumishi wanaokaa upande wa pili wa meza. Mengi huanza na habari ya Ulaya au Afrika Kusini na kuishia kwetu, na majibu yanafuata njia hiyohiyo.

Mgomo unapimwaje? Nikisikia nchi fulani "ina migomo mingi," maana yake nini?

Vipimo ni vitatu, na kila kimoja hueleza jambo lake: idadi ya migomo, idadi ya watu walioshiriki, na siku za kazi zilizopotea. Shirika la Kazi Duniani (ILO) linafuata utaratibu uliopitishwa na wanatakwimu wa kazi mwaka 1993. Ili kulinganisha nchi kubwa na ndogo, siku zilizopotea hugawanywa kwa kila wafanyakazi 1,000.

Chukua shamba lenye wafanyakazi 600. Wakigoma 240 kwa siku 3, zimepotea siku 720. Gawa 720 kwa 600, zidisha kwa 1,000: jibu ni 1,200 kwa kila wafanyakazi elfu. Sasa fikiria watu 720 wa kampuni nyingine wanaoacha kazi siku moja tu. Jumla ni 720 ileile, lakini huo ni mgomo wa aina nyingine kabisa, mpana na mfupi. Taasisi za soko la ajira huathiri zaidi *umbo* la mgomo kuliko jumla ya siku. Anayeangalia jumla peke yake hataelewa tofauti kati ya nchi na nchi.

Takwimu za nchi mbili zinalinganishika moja kwa moja?

Mara nyingi hapana. Marekani, orodha kuu ya serikali huhesabu migomo ya watu 1,000 au zaidi tu. Kabla ya miaka ya 1980 ilihesabu hata ya watu sita. Uingereza huacha mgomo wa watu chini ya 10 au wa muda usiofika siku moja, isipokuwa siku zilizopotea zimefika 100. Kwa kipimo cha Marekani, mgomo wa hoteli yote ya vyumba 200 pale Arusha usingeonekana popote. Kabla hujanukuu takwimu kwenye kikao, uliza kwanza kizingiti cha kuhesabu ni kipi, na kama sekta ya umma imo.

Sweden wana vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu sana. Mbona hawagomi?

Waligoma, tena kupita karibu wote. Mwaka 1909 kulikuwa na mgomo mkuu wa nchi nzima. Katika miaka ya 1920 Sweden ilikuwa miongoni mwa nchi zenye migomo mingi zaidi duniani. Mwaka 1931 huko Ådalen wanajeshi walifyatua risasi kwenye maandamano ya wafanyakazi na watu watano wakafa. Hawakuzaliwa watulivu.

Mabadiliko yalikuja kwa mambo yaliyoungana. Chama cha siasa chenye mizizi katika vyama vya wafanyakazi kilishika serikali kwa muda mrefu, hivyo madai mengi yakahamia bungeni: pensheni, bima, makazi. Kisha mwaka 1938 shirikisho la wafanyakazi na shirikisho la waajiri wakasaini Mkataba wa Saltsjöbaden uliopanga namna ya kujadiliana na lini kila upande unaweza kutumia nguvu. Serikali haikuuandika mkataba huo. Waliuandika wenyewe, kwa sehemu kwa kuhofia kwamba wasipofanya hivyo bunge litawaandikia. Mpaka leo takriban wafanyakazi tisa kwa kila kumi wa Sweden wamo ndani ya mkataba wa hali bora (makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri), na mkataba ukishasainiwa kuna wajibu wa amani: hakuna kugomea jambo lililomo humo mpaka muda uishe.

Ila huo wajibu wa amani unamlinda mwajiri *aliyesaini*. Asiyesaini hana kinga. Ndiyo maana mafundi wa kampuni ya magari ya umeme ya Tesla walipogoma Oktoba 2023, kampuni ikiwa imekataa mkataba, wafanyakazi wa bandari na wa posta nao waliacha kuihudumia kampuni hiyo. Utulivu wa Sweden unashikiliwa na uwezo wa kugoma ambao kila mtu anajua upo.

Kwa hiyo majadiliano yakifanyika kitaifa migomo huisha?

Huwa michache, lakini ikitokea ni mikubwa. Denmark wana makubaliano ya msingi tangu 1899, ya zamani kuliko karibu yote duniani, yaliyozaliwa na waajiri kuwafungia nje wafanyakazi, yaani kuwazuia wasiingie kazini, kwa miezi kadhaa. Miaka mingi hupita kimya. Kisha mwaka 1998 wanachama wakaikataa rasimu ya mkataba kwa kura, na kama watu nusu milioni wakagoma kwa siku 11. Mwaka 2013 waajiri wa umma waliwafungia nje walimu kwa karibu wiki nne.

Kila mkataba ni nafasi moja ya kutoelewana. Nchi inayojadili kampuni kwa kampuni ina mikataba elfu nyingi, hivyo ina nafasi elfu nyingi za mgomo mdogo. Nchi inayojadili kisekta ina nafasi chache, na kila moja inahusu watu wengi. Tanzania, kwa sehemu kubwa, tuko kundi la kwanza: mkataba wa hali bora hujadiliwa shamba kwa shamba, hoteli kwa hoteli, na kima cha chini cha sekta huwekwa na serikali kwa amri ya mishahara.

Ufaransa wanachama ni wachache. Wanagoma vipi?

Hili huwashangaza wengi. Wanachama wa vyama Ufaransa ni kama mmoja kwa kila wafanyakazi kumi, lakini mikataba inawafikia karibu wote, kwa sababu Wizara ya Kazi huweza kuueneza mkataba wa sekta hadi kwa makampuni yasiyosaini. Haki ya kugoma imo katika utangulizi wa Katiba ya 1946 na ni haki ya *mtu*, haihitaji chama. Katika sekta binafsi hakuna kura wala notisi ya kisheria. Katika huduma za umma notisi ni siku tano. Kwa hiyo ni rahisi kuanza mgomo na vigumu kuudumisha, maana vyama havina mifuko mikubwa ya kuwalipa waliogoma. Matokeo ni migomo mingi, mifupi, yenye watu wengi barabarani, na mara nyingi inailenga serikali kuliko mwajiri, kama ile ya pensheni ya 1995 na 2023.

Linganisha na Austria. Nako mikataba inawafikia karibu wafanyakazi wote, lakini kwa njia ya Baraza la Uchumi ambalo uanachama wake ni wa lazima kwa waajiri. Miaka mingi Austria haiandiki hata saa moja ya mgomo. Halafu 2003 serikali ilipogusa pensheni bila kuafikiana na vyama, nchi ikapata migomo mikubwa kuliko yote ya miongo mingi. Ulipovunjwa utaratibu wa kushirikishana, utulivu nao ukavunjika.

Ujerumani wana "baraza la wafanyakazi" kazini. Linafanya nini ambacho tawi letu halifanyi?

Limetenganishwa na mgomo. Baraza huchaguliwa na wafanyakazi wote, wanachama na wasio wanachama, hushughulika na zamu, likizo, usalama na kupunguza watu, na kisheria *haliruhusiwi* kuitisha mgomo. Chama ndicho hujadili mshahara kwa sekta na ndicho pekee huweza kugomesha, tena kwa ajili ya jambo linaloweza kuandikwa kwenye mkataba. Vyama vingi vinadai kura ya asilimia 75 kabla ya mgomo usio na kikomo, ingawa migomo mifupi ya kuonya hufanyika bila kura hiyo. Chama cha wafanyakazi wa chuma hukata asilimia 1 ya mshahara ghafi, na kutokana na makato hayo hulipa posho ya mgomo. Mwajiri anayejua kwamba hazina ya chama inaweza kuwalisha watu wiki nyingi huja mezani na pendekezo la kweli.

Kwetu tawi hubeba yote mawili: leo linadai mabuti ya mpira na sabuni, kesho linajadili mshahara. Lalamiko la mabuti lililokaa miezi minane bila jibu huingia kwenye kikao cha mshahara na kukiharibu. Ushauri wetu ni kuweka kikao cha kila mwezi cha kero ndogo, chenye muhtasari ulioandikwa na jina la anayewajibika kwa kila kero, na kukitenga kabisa na timu ya majadiliano.

Masharti magumu ya kura hupunguza migomo?

Kwa kiasi, ndiyo, lakini hayaondoi sababu. Uingereza ilipoteza siku milioni 29.5 mwaka 1979. Sheria za miaka ya 1980 zikaleta kura ya lazima na kuzuia mgomo wa kuunga mkono wengine, na idadi ikaporomoka. Lakini wakati huohuo viwanda na migodi vilifungwa na ukosefu wa ajira ukapanda, kwa hiyo anayesema ni sheria peke yake anazidisha. Mwaka 2016 wakaongeza: nusu ya wanaostahili lazima wapige kura, na notisi iwe siku 14. Mfumuko wa bei ulipopiga 2022, wauguzi, wafanyakazi wa treni na wa posta walivuka vizingiti hivyo na kugoma.

Kura ina faida moja ambayo waajiri husahau. Humwambia mwajiri ukweli. Sehemu kubwa ya migomo hutokea kwa sababu kila upande umekosea kukadiria upande wa pili: mwajiri anadhani watu hawatatoka, chama kinadhani kampuni ina fedha zaidi ya ilizo nazo. Kura ya siri yenye asilimia 92 hurekebisha kosa la kwanza. Hesabu za kampuni zikionyeshwa mezani hurekebisha la pili.

Marekani migomo ni michache, lakini ikianza hukaa wiki nyingi. Kwa nini?

Mkataba ni wa kampuni, huwa wa miaka kadhaa, na karibu kila mara una kifungu cha kutogoma mpaka uishe. Kwa hiyo nguvu zote hukusanyika kwenye tarehe ya mwisho. Pia tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 1938 mwajiri anaruhusiwa kuajiri watu wa kudumu badala ya waliogomea mshahara, na mwaka 1981 serikali iliwafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000. Mfanyakazi akijua anaweza kukuta nafasi yake ina mtu, hatoki mpaka awe tayari kwa vita ndefu. Hapa sheria yetu ni bora: katika mgomo halali mwajiri *haruhusiwi* kuleta watu wa kuziba nafasi.

Sheria yetu inafanana na ya nani, na hatua zake ni zipi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inafanana sana na ya Afrika Kusini ya 1995. Ili mgomo wa mshahara uwe halali:

1. Mgogoro uwe wa *maslahi*, yaani kudai kitu kipya, mfano nyongeza ya mshahara. Kufukuzwa kazi au kutolipwa stahili iliyopo tayari ni *malalamiko*, na hayo huamuliwa, hayagomewi.
2. Ujazwe fomu ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) na kupelekwa huko, nakala kwa mwajiri.
3. Zipite siku 30 za usuluhishi bila mwafaka. Pande zote zikikubaliana kwa maandishi, muda unaongezwa.
4. Chama kikiitisha, kura ipigwe kwa mujibu wa katiba yake na walio wengi kati ya waliopiga wakubali.
5. Mwajiri apewe notisi ya saa 48.

Mgomo wa kuunga mkono wenzenu wa kampuni nyingine nao unaruhusiwa, lakini notisi ni siku 14 na lazima kuwe na uhusiano kati ya waajiri hao wawili unaoweza kuleta shinikizo. Watu wa maji, umeme, afya, zimamoto na uongozaji ndege wako kwenye huduma muhimu na wana njia nyingine, ya uamuzi. Hoteli, utalii, maua na miwa havimo kwenye orodha hiyo.

Mambo huharibikia wapi?

Mara nyingi kwenye hatua ya kwanza. Watu wanagoma kwa sababu mwenzao kafukuzwa, na hilo ni malalamiko: lilitakiwa lipelekwe CMA ndani ya siku 30. Mgomo ukishakuwa haramu, kinga dhidi ya kufukuzwa inayumba na mwajiri anaweza kwenda Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu kuomba zuio.

Kosa la pili ni kutofika kwenye usuluhishi. Upande wa wafanyakazi usipotokea, msuluhishi anaweza kuongeza siku 30 nyingine. Mwajiri asipotokea, anaweza kuupunguza muda. Nauli ya kwenda kikaoni ni ndogo kuliko mwezi mzima wa kungoja, na shamba la maua likivuka Februari 14, Siku ya Wapendanao, limevuka wakati ambao mgomo ungemuuma mwajiri zaidi.

La tatu: kusahau amri ya mishahara. Amri mpya ya kima cha chini ikitangazwa, jambo lililomo humo haligomewi kwa mwaka mzima wa kwanza. Jadilini posho, nyumba, usafiri au ngazi za juu ambazo amri haijazigusa, lakini hakikisheni kweli haijazigusa.

La nne ni tabia za getini. Sheria yetu inakataza kukusanyika getini kuzuia au kushawishi watu, kumfungia mwajiri ndani, au kumzuia kuingia. Yeyote akitia kufuli getini, mgomo uliopitia hatua zote tano umepata doa.

Mshahara haulipwi wakati wa mgomo hata ukiwa halali. Lakini wanaokaa kwenye nyumba za shamba hawaondolewi wala kukatiwa chakula na mahitaji ya msingi yaliyo sehemu ya ajira yao.

Mgomo baridi je? Hatutoki, tunapunguza mwendo tu.

Sheria inahesabu kusimamisha kazi *kote au kwa sehemu* kuwa mgomo. Kukata mashina 600 badala ya 1,200 kwa makubaliano ni mgomo, na usipopitia hatua ni haramu kama mwingine. Katika takwimu za nchi, hata hivyo, mgomo baridi hauonekani kabisa. Nchi inaweza kusifiwa kwa amani ya viwandani huku tija ikivuja kila siku.

Si ni rahisi tu serikali ipige marufuku migomo?

Tulishajaribu. Sheria ya mwaka 1962 iliifanya migomo iwe karibu haiwezekani kisheria, na mwaka 1964 vyama vikaunganishwa kuwa chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, chini ya uangalizi wa serikali. Takwimu zikawa nzuri. Lakini Mwongozo wa TANU wa Februari 1971 ulipowakemea viongozi wenye kiburi na dharau, wafanyakazi viwandani wakaanza kuweka zana chini na hata kuwafungia nje mameneja, wakinukuu Mwongozo wenyewe. Kero za miaka saba zilikuwa zimelala, hazijafa.

Afrika Kusini inaonyesha upande wa pili: sheria nzuri haitoshi kama chama kimewapoteza watu wake. Agosti 2012 huko Marikana wachimbaji wa platinamu walidai randi 12,500 nje ya chama kilichotambuliwa, na tarehe 16 polisi wakawaua watu 34. Hatua za kisheria zilikuwepo. Waliotakiwa kuzitumia hawakuviamini tena vyombo vyao. Ndiyo maana tunasisitiza mhasibu wa tawi asome mapato na matumizi mbele ya wanachama, na mkataba usisainiwe kabla ya kurudishwa kwao. Hakuna kifungu cha sheria kinachoziba pengo hilo.

Wapagazi na vibarua wa msimu wanaingia wapi?

Hapa ndipo taasisi zetu ni dhaifu, na inaumiza. Haki zote hapo juu ni za "mwajiriwa." Lakini usikubali haraka ukiambiwa wewe si mwajiriwa. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, inakuchukulia kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ukiwa na dalili hata moja kati ya ilizozitaja. Mojawapo ni kumfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Safari moja ya siku saba mlimani, saa nane kwa siku, ni saa 56. Mpagazi anayepanda na kampuni ileile mara moja kila mwezi ameshavuka. Tatizo ni ushahidi: weka tarehe za kupandisha na kushusha, jina la kampuni, njia (Machame, Marangu, Lemosho) na malipo kwenye daftari au simu.

Tarehe ya mkataba kuisha ina maana kiasi gani?

Kubwa kuliko matawi mengi yanavyofikiri. Chama cha wafanyakazi wa magari Marekani kilipomaliza mgomo wake wa 2023, kilipigania mkataba uishe tarehe 30 Aprili 2028, siku moja kabla ya Mei Mosi, na kikaviomba vyama vingine vilinganishe tarehe. Kwetu, mkataba wa hoteli ya kitalii ukiisha Aprili, mvua za masika zinanyesha na vyumba viko wazi. Mwajiri hana haraka. Ukiisha Juni, wageni wameanza kuingia. Kwenye miwa, mkataba unaoisha kiwanda kikiwa kimefungwa kwa matengenezo una uzito mdogo kuliko unaoisha wakati wa kusaga, maana muwa uliokatwa huanza kupoteza sukari ukicheleweshwa.

Mwajiri mwenye busara naye ana la kufanya: aanze mazungumzo miezi mitatu kabla ya mkataba kuisha, si wiki mbili. Siku 30 za usuluhishi, kura na saa 48 za notisi hazianzi kuhesabiwa mpaka mgogoro upelekwe CMA. Pande mbili zinaweza pia kuandika utaratibu wao wenyewe wa mgomo ndani ya mkataba wa hali bora, na sheria inauruhusu. Kwa mashamba yenye mazao yanayooza tunaupendekeza sana: kubalianeni mapema nani atabaki kwenye chumba cha baridi na kwenye pampu za maji, ili mimea isife kwa mgomo wa siku mbili na watu wakarudi kukuta hakuna kazi.